Pota wa getini na pota wa mlimani

Kiingereza changu nilikianza kwa Biblia mbili. Moja ni Union Version ya Kiswahili aliyoniachia bibi. Nyingine ni ya Kiingereza cha zamani, ile ya Mfalme James ya mwaka 1611, niliyoinunua kwenye meza ya mitumba pale Kiboriloni kwa bei ya sahani ya wali maharage. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, na Kiingereza nilichokuwa nacho kilitosha kuuliza kama mgeni anataka maji ya moto. Njia yangu haikuwa na ufundi: nasoma mstari kwa Kiswahili, naufunika, nausoma kwa Kiingereza. Mistari yenyewe nilishaisikia kanisani tangu utotoni, kwa hiyo maneno mageni yalijieleza.

Mpaka nilipofika Yohana 10:3. Kiswahili kinasema, "Bawabu humfungulia huyo, na kondoo humsikia sauti yake." Nikafunika, nikageukia Kiingereza, na anayefungua mlango huko anaitwa porter.

Mtu wa Moshi haambiwi pota ni nani. Ni yule kijana mwenye begi la mgeni kichwani na lake mgongoni, anayempita mgeni njiani mbio mbio ili mahema yasimame na chai iwe tayari kabla mgeni hajaingia kambini. Wenyewe tunaitana wagumu. Sasa mgumu amefuata nini kwenye zizi la kondoo, tena yeye ndiye mwenye mlango?

Swali hilo nilimpelekea mwalimu mmoja mstaafu wa Old Moshi ambaye alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza, ya aina inayoeleza kila neno limetokea wapi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Umeshuka lini?"

"Jana jioni. Mwalimu, porter ni mbeba mzigo au mlinda mlango?"

"Ni watu wawili," alisema akiwa ameshaanza kutafuta miwani. "Jina ndilo moja."

Wa kwanza, mlinda mlango, ametoka kwenye neno la Kilatini porta, yaani lango. Mtu wa langoni akaitwa portarius, Wafaransa wakamfanya portier, na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na kuitawala kwa Kifaransa chao, neno likahamia kwa Waingereza. Karne ya 13 tayari limo kwenye maandishi yao. Wa pili, mbeba mzigo, ana ukoo wake: kitenzi portare, kubeba, kikampata portator, naye kwa Kifaransa cha zamani akawa porteour. Huyu alionekana katika Kiingereza baadaye kidogo, karne ya 14. Midomo ya Waingereza ikayakata maneno yote mawili miisho yake mpaka yakalingana, na hawakujali tena kuyatenganisha. Wapo Waingereza wenye jina la ukoo Porter, na kwa jina hilo tu huwezi kujua kama babu yao alishika komeo au alibeba gunia.

Kisha mwalimu akaniongezea jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Wataalamu wa lugha wakirudi nyuma zaidi ya Kilatini, porta ya lango, portare ya kubeba, na portus, yaani bandari, zote wanazipeleka kwenye shina moja la kale lenye maana ya kupita au kuvuka. Langoni unapita, bandarini unavukia, na kubeba ni kukivusha kitu kutoka hapa hadi pale. Hivyo hao watu wawili waliogongana jina Uingereza walikuwa ndugu tangu zamani bila kujuana.

Hilo ndilo lililonikaa, kwa sababu ya mzani.

Asiyepata kufika geti la Machame asubuhi ya msimu wa wageni hajui kelele. Magari yanashusha mabegi, vijana wamejazana nje ya uzio wakitafuta tripu, kiongozi anaita majina, mpishi anahesabu trei za mayai. Halafu ni mstari wa mzani. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa pota usizidi kilo 20, na kila furushi linatundikwa ndoano. Ukiwa kwenye mstari ule macho yako hayaangalii mlima. Yanaangalia sindano ya mzani, na pembeni ya sindano, uso wa askari anayeisoma. Ikizidi, furushi linafunguliwa hapo hapo chini: vitunguu vinaenda kwa huyu, chupa ya mafuta kwa yule, na kama hakuna wa kupewa, kampuni inatakiwa iongeze mtu. Pota wa Kilatini wa kwanza amesimama upande ule wa mzani, wa pili upande huu. Mmoja hawezi kuvuka mpaka mwingine aitikie.

Kampuni moja niliyoibebea ilikuwa imepata dawa ya mzani huo. Getini tulipita na mafurushi mepesi, kila mtu anapumua. Kona ya pili msituni, mizigo inapangwa upya, na unajikuta umebeba mtungi wa gesi ambao hukuuona kwenye ndoano. Ukilalamika unaambiwa tripu ijayo kuna wengi wanaoitaka. Sasa hivi mimi ni mwongoza watalii (kazi ambayo jina lake la Kiingereza ukiliandika kwa herufi zetu linakuwa gaidi, ndiyo maana kwenye fulana nimeandika kirefu), na mizigo yangu naipima tena kambi ya kwanza, mbele ya wagumu wenyewe. Wapo wenzangu wanaoniona nachelewesha chakula.

Kiswahili hakijawahi kuwachanganya watu hawa wawili. Mlinda mlango ni bawabu, neno la Kiarabu lililotokana na bab, mlango. Mbebaji ana majina kutegemea alipo. Bandarini ni kuli, neno lililovuka bahari kutoka India. Sokoni na mitaani Pwani ni hamali, kutoka Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa kuhimili na kustahimili. Yaani hamali na mstahimilivu ni mtu na ndugu yake, jambo ambalo mgumu yeyote aliyelala kambi ya Barafu usiku wa upepo hahitaji kuthibitishiwa. Bara, enzi za misafara, alikuwa mpagazi. Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo karne ya 19, wakishusha pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga, mtu mmoja kilo 30 hivi begani, miezi kwa miezi. Kupagaa ni kubeba begani. Na ukitafakari, aliyepagawa naye amebebeshwa kitu, ila chake hakiwekwi kwenye mzani.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya barazani kama si darasa. Msimu wa masika, Aprili na Mei, mlima unakuwa wa matope, wageni ni wachache na wagumu wengi wako nyumbani wakilima au wakiendesha bodaboda za kukodi. Tulikubaliana na wenzangu tukodi chumba nyuma ya duka moja Majengo, na mimi nifundishe Kiingereza cha kazi. Si darasa la cheti. Ni ubao mmoja, mabenchi, na wanafunzi ambao baadhi yao wamenipita umri lakini wananiita ticha.

Siku moja kijana mmoja alikuja na tangazo la kazi kwenye simu. Hoteli moja nje ya nchi ilikuwa inatafuta night porter. Alifurahi sana. Miaka yote amebeba mizigo juu ya mlima, sasa kumbe kuna watu wanahitaji wa kubeba usiku, kwenye lami, tena kuna lifti! Barua ya maombi alishaiandika, na yote ilikuwa juu ya nguvu zake: amebeba nini, amefika nayo wapi, mara ngapi.

Nikamwandikia ubaoni watu wawili wa mwalimu. Night porter ni wa ukoo wa lango. Ni mtu anayebaki hotelini wenye zamu ya mchana wakiondoka: anafungua mlango kwa mgeni aliyechelewa ndege, anampa ufunguo, anapokea simu, anazunguka kuangalia milango na moto. Begi atalibeba likiwepo, lakini hakuajiriwa kwa ajili ya begi. Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge nako mapota ni walinda lango, na kibanda chao cha getini kinaitwa lodge. Darasa lilicheka sana hapo, maana lodge tunazozijua sisi Moshi na Arusha ni zile ambazo pota huishia kwenye maegesho.

Upande wa pili niliweka ukoo wa mzigo. Pota wa hospitali ya Uingereza ni yule anayesukuma wagonjwa kwenye vitanda vya magurudumu kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji, na kusambaza mitungi ya oksijeni. Halafu kuna pota wa jikoni, ambaye habebi cha maana: anaosha vyombo, anamenya viazi, anatoa takataka. Huyu ndiye aliyetuchukulia muda mrefu zaidi. Mpishi wetu mmoja, mtu wa Marangu, alisema jikoni kwake anayeosha vyombo anaitwa msaidizi wa mpishi, na kumwita pota ni kumshusha. Mgumu aliyekaa nyuma akamwuliza kwa sauti, "Kumshusha kutoka wapi, baba? Na ni nani aliyempandishia masufuria?"

Ilibidi nitafute kitu cha kuwapatanisha, nikawapeleka London.

London ya karne ya 18 iliendeshwa kwa mabega. Makaa, nafaka, chumvi, samaki, barua, vyote vilitoka kwenye meli za mto Thames na kuingia mjini juu ya watu. Mapota hao walikuwa na vyama vyao, na kundi moja lilivaa beji iliyotolewa na mji ili mwenye mali ajue anamkabidhi nani. Soko la samaki la Billingsgate liliendelea kuwa na mapota wenye leseni mpaka mwaka 2012, mpango huo ulipofutwa. Enzi zao walibebea samaki kichwani, juu ya kofia ngumu ya ngozi iliyotengenezwa bapa juu. Hapo wagumu waliinuka vitini. Ngata! Sisi tunakunja shuka au jaketi kuukuu, wao walikuwa na ya ngozi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza baadhi yao kufikiri kwamba mzungu naye aliwahi kubeba kichwani kwa ujira.

Na watu hao walikunywa. Mapema karne hiyo ilizuka London bia nyeusi, nzito, ya shayiri iliyokaangwa hadi kuiva sana, na kwa vile wapenzi wake wakubwa walikuwa wabeba mizigo, ikaitwa kwa jina lao, porter. Iliyokuwa kali zaidi ikaitwa stout porter, pota nguvu, kisha watu wakachoka kutamka yote wakabakiza stout. Guinness inayouzwa kwenye baa za hapa mjini ni ya ukoo huo. Arthur Guinness alikodi kiwanda chake mwaka 1759 pale Dublin, mahali panapoitwa Lango la Mtakatifu James, na baada ya miaka akaacha bia za kawaida akashika porter. Neno stout maana yake ni kitu au mtu imara, mwenye nguvu, asiyeyumba. Niliandika ubaoni bila kutafsiri. Wakatafsiri wenyewe, darasa zima kwa pamoja: mgumu.

Mimi si mnywaji wa bia nyeusi, lakini hapo Waingereza nawapa haki yao. Sisi tuna bia yenye jina la mlima, na tuna mbege, pombe ya ndizi na ulezi ambayo mgumu akishuka hupewa kibuyu na ndugu zake. Kinywaji chenye jina la mbebaji hatuna.

Jina lakini lina upande wa pili. Marekani, kampuni ya Pullman iliyokuwa na mabehewa ya kulala iliajiri maelfu ya wanaume weusi kuwa mapota: kutandika vitanda, kung'arisha viatu, kupokea mabegi. Abiria wengi hawakutaka kujua wanaitwa nani. Waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama ilivyokuwa desturi ya enzi za utumwa mtu kuitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya kubanana na kampuni wakapata mkataba mwaka 1937. Ujira ulipanda, saa za kazi zikapungua.

Hili nililisimulia taratibu, kwa sababu lina kitu cha nyumbani. Kwenye njia ya mlima utasikia mgeni akiita "porter!" na vichwa kumi vinageuka. Siku hizi, jioni ya kwanza kambini, nawapanga watu wangu mbele ya wageni na kila mmoja anasema mwenyewe jina lake na anachobeba. Anayebeba choo cha wageni naye anasema. Kwa Kiingereza choo hicho husifiwa kwamba ni portable, kwamba kinabebeka. Kuna mgeni aliyesikia hivyo, akamwangalia kijana aliyekipandisha, akaomba radhi, ingawa hakuna aliyekuwa amemlaumu.

Kuna swali moja ambalo lazima liulizwe kila nikifundisha: kwa nini mbebaji wa mlimani anaitwa porter na si carrier, wakati yote ni kubeba? Basi ninawauliza wangapi wamefika Kariakoo. Mikono yote juu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliopigana na Wajerumani huku kwetu (Moshi yenyewe waliitwaa Machi 1916) walikusanya Waafrika kwa maelfu mengi kubeba risasi na chakula cha jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Dar es Salaam ikaacha jina kwenye midomo yetu, Kariakoo. Kinachoniuma ni asili ya neno lenyewe. Carry imetoka kwenye Kilatini carrus, gari la kukokotwa, ndugu wa car. Lakini porini huku ndorobo waliua farasi na ng'ombe, magari yakakwama, na watu ndio wakafanywa magari. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtu anayekwenda Kariakoo kununua charahani anataja jina lao bila kujua.

Tahadhari moja tu huwa nawapa. Si kila asili ya neno unayoambiwa mlimani ni ya kweli. Wageni hupenda kutueleza kwamba tip, ile bahashishi ya siku ya mwisho, ni ufupisho, yaani herufi za kwanza za maneno yanayosema lipa uharakishiwe huduma. Ni hadithi ya kutungwa. Tip lilikuwa neno la mtaani la wezi wa Kiingereza, karne ya 17, kwa maana ya kupa au kupitisha kitu mkononi. Wagumu waliipenda hii ya wezi kuliko ile ya herufi. Mmoja aliuliza kama kuna neno la Kiingereza la bahashishi inayoishia mkononi mwa kiongozi bila kufika kwa pota. Nilimwambia lipo, tutalisoma kwenye somo la polisi.

Darasa tulilifunga mwanzoni mwa Juni, watu wakarudi magetini. Yule kijana wa night porter hakujibiwa na hoteli ya ng'ambo. Ameandika tena, safari hii kwa hoteli ya Arusha, na barua aliniletea niipitie. Kilo na vilele amevitoa. Ameweka kwamba kwa misimu kadhaa yeye ndiye aliyekuwa akikesha kwenye hema la chakula, akilinda vitu vya wageni, akijua nani ametoka hemani usiku na nani hajarudi, na kuwaamsha wote saa tano na nusu kwa safari ya kileleni. Nilisahihisha nyakati za vitenzi viwili tu.